Sanamu ya Mnyama Mjini: Nani Alipe, na kwa Faida Gani?



Kila unapofika msimu wa kuandaa bajeti, orodha ya mahitaji ya wananchi huwa ndefu kuliko fedha zilizopo. Zahanati inasubiri paa, shule inasubiri madawati, soko linasubiri choo. Mbele ya orodha kama hiyo, mtu akisimama na kupendekeza kwamba halmashauri ichangie sanamu ya bundi au ya popo katika bustani ya mji, baadhi ya wajumbe watacheka na wengine watakasirika. Kicheko hicho na hasira hiyo vina sababu zake, na mwenye pendekezo ana wajibu wa kuzijibu kwa hesabu, si kwa maneno matamu.

Somo la toleo hili halikusudii kumshawishi msomaji akubali kila sanamu inayopendekezwa. Linakusudia kumpa diwani, mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwalimu na mwananchi wa kawaida vipimo vya kuamulia. Tutajifunza mambo manne: uhusiano wa sanamu ya mnyama na huduma za umma, njia ambazo miji mingine imezitumia kupata fedha, mahali ilipojikwaa, na yale ambayo taratibu zetu za fedha zinayaruhusu.

Wanyamapori tunaoishi nao

Likitajwa neno wanyamapori, mawazo yetu hukimbilia Serengeti au Ruaha. Lakini wanyamapori wengine wanalala darini kwetu. Katika miji yetu na vituo vyetu vya biashara wapo popo, bundi, mwewe, kenge, vyura, vinyonga na tumbili, na pembezoni mwa makazi fisi hupita usiku kutafuta mabaki. Hawa hawalipiwi kiingilio wala hawapigwi picha na watalii, lakini maisha yao na yetu yamefungamana kila siku.

Baadhi yao hutufanyia kazi bila mshahara. Popo wadogo hula wadudu, wakiwamo wanaoshambulia mazao. Popo wala matunda husambaza mbegu na kuchavusha maua ya miti. Bundi huwinda panya, na kila mkulima anayehifadhi mahindi ghalani anajua hasara ya panya. Hata hivyo, bundi huyo huyo hupigwa mawe kwa sababu mlio wake unadhaniwa kuleta msiba, na popo huchomewa moshi kwa sababu umbo lake linatisha.

Wengine wameongezeka kwa sababu ya uzembe wetu. Kunguru wa nyumbani asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani na kuingia bara. Hustawi palipo na takataka zisizofunikwa, hula mayai na makinda ya ndege wengine, na huiba vifaranga vya kuku. Anayemlalamikia kunguru bila kulitazama guba la taka la mtaani kwake analalamikia matokeo na kuacha chanzo.

Elimu hiyo ina upande wa pili pia. Popo wanaweza kubeba vimelea vya magonjwa. Hawapaswi kushikwa kwa mikono mitupu wala kufanywa kitoweo, na mtoto aliyeumwa na popo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kumheshimu mnyama ni pamoja na kujua umbali wa kukaa naye.

Kwa hiyo, elimu kuhusu wanyama wa mjini si anasa iliyo mbali na kazi za halmashauri. Inagusa afya, usafi, kilimo na elimu, idara ambazo tayari zinatumia fedha kwa mabango, vipeperushi na semina. Bango hupauka kwa jua, na kipeperushi hugeuka cha kufungia karanga. Swali la haki ni hili: je, kitu kinachosimama miaka 20 mahali ambapo watu wote hupita kinaweza kufundisha kwa gharama ndogo zaidi kwa mwaka? Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Tutazame ilivyokuwa kwingine.

Belfast: sanamu iliyofuata kazi

Mto Lagan unapita katikati ya Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini. Kwa muda mrefu viwanda na maji machafu viliuharibu, na watu waliupa kisogo. Mwaka 1989 liliundwa shirika la umma la Laganside kwa ajili ya kufufua eneo la mto huo. Mwaka 1994 ulikamilika ukuta wa kudhibiti kina cha maji, ili tope la kingo lisiachwe wazi kila maji yanapokupwa. Hali ya maji ilipoanza kuwa bora, samaki aina ya salmoni walirejea.

Mwaka 1999 ndipo ilipowekwa kando ya mto sanamu ya samaki huyo, yenye urefu wa mita 10, kazi ya msanii John Kindness. Magamba yake ni vigae vilivyochapwa maandishi na picha za historia ya mji, na wanafunzi wa shule za mji huo walishirikishwa katika kuipamba. Leo wageni wengi hupiga picha hapo, na mzazi akiulizwa na mtoto wake kwa nini samaki amewekwa mahali hapo, jibu lake ni historia ya mto uliokuwa umekufa na sasa una uhai.

Mpangilio wa matukio hayo ndio wenye funzo. Kwanza fedha kubwa zilikwenda kwenye kazi yenyewe, yaani kufufua mto. Sanamu ilikuwa sehemu ndogo ya mradi, ikaja mwishoni kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Kama samaki yule angesimikwa kando ya maji yanayonuka, angekuwa dhihaka kwa wananchi. Kanuni ya kwanza basi ni hii: sanamu ya mnyama isitangulie huduma inayomhusu mnyama huyo.

Denver: asilimia moja kwa mujibu wa sheria

Njia ya pili ni ya kisheria. Miji kadhaa ya Marekani imejiwekea utaratibu kwamba kila jengo la umma linapojengwa, sehemu ndogo ya gharama zake itengwe kwa ajili ya sanaa. Philadelphia ilianza mwaka 1959. Denver, katika jimbo la Colorado, iliuanza utaratibu huo mwaka 1988 kwa agizo la meya na kuuingiza katika sheria ndogo za mji mwaka 1991: mradi wa ujenzi wa mji unaozidi dola milioni 1 hutenga asilimia 1 kwa sanaa.

Ukumbi wa mikutano wa Denver ulipopanuliwa, asilimia hiyo ilizaa sanamu ya dubu wa buluu mwenye urefu wa takribani mita 12, aliyesimama kwa miguu miwili, pua yake ikigusa kioo, akichungulia ndani. Msanii wake, Lawrence Argent, alisema wazo lilimjia alipoona gazetini picha ya dubu akichungulia dirisha la nyumba ya mtu. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 2005 na iligharimu zaidi ya dola 400,000.

Tukio lililomvutia msanii ni la kweli katika maisha ya Colorado. Dubu weusi huingia katika makazi ya watu wakifuata harufu ya takataka na vyakula, na wakazi huhimizwa kutumia mapipa yenye vifuniko ambavyo dubu hawezi kuvifungua. Sanamu imefanikiwa kuifanya hali hiyo ionekane: mji unamtazama mnyama, na mnyama anautazama mji. Lakini umbo hilo peke yake halimwelekezi mtu kufunika pipa lake. Kinachobadilisha tabia ni maelezo na huduma vinavyoandamana na sanamu.

Ubora wa njia ya asilimia ni kwamba haimlazimishi mtu kuchagua kati ya sanamu na zahanati kila mwaka. Fedha za sanaa hutoka ndani ya mradi wa ujenzi husika, kwa kiwango kinachojulikana na kila mtu. Udhaifu wake ni kwamba sanaa hufuata majengo: mtaa usio na mradi mkubwa hauna sanamu. Halmashauri inayotaka kuiga njia hii lazima ifikirie namna ya kuyafikia maeneo ya pembezoni.

Austin: elimu ilitangulia

Katika mji wa Austin, Texas, daraja la Congress Avenue lilijengwa upya mwaka 1980. Bila kukusudia, wahandisi waliacha chini ya daraja hilo nyufa nyembamba zenye joto linalowafaa popo. Popo wakahamia kwa wingi, hata leo wakati wa kiangazi hufikia takribani milioni 1.5. Mwanzoni wakazi waliingiwa na hofu. Habari za kichaa cha popo zilienea, na wapo waliotaka popo hao waangamizwe.

Mtaalamu wa popo Merlin Tuttle, mwanzilishi wa shirika la Bat Conservation International, alihamia Austin mwaka 1986. Yeye na wenzake walifanya kazi ya kueleza jambo moja kwa uvumilivu: popo asiyeshikwa hamdhuru mtu, na kundi lile hula tani za wadudu kila usiku. Hofu ikapungua. Leo maelfu ya watu hukusanyika jioni kuwatazama popo wakiruka kutoka chini ya daraja, na hoteli na migahawa ya karibu hunufaika. Karibu na daraja ipo sanamu ya popo, kazi ya msanii Dale Whistler, inayomwambia mgeni kwamba mji huu unajivunia kile ambacho zamani uliogopa.

Austin nayo hutenga asilimia ya gharama za majengo yake kwa sanaa, kwa sheria ndogo ya mwaka 1985. Lakini tukitafuta kilichowaokoa popo wale, si metali wala rangi. Kilichowaokoa ni miaka ya mazungumzo na wananchi. Sanamu ilikuja kuyafunga mazungumzo hayo, kama muhuri unavyokuja mwisho wa barua. Hiyo ndiyo kanuni ya pili: fedha za sanamu zisimeze fedha za elimu.

Chicago: mnada

Njia ya tatu ni ya wafanyabiashara na mnada. Mwaka 1999 mji wa Chicago ulipanga sanamu zaidi ya 300 za ng'ombe mitaani. Kampuni na wafadhili waligharimia sanamu moja moja, wasanii wakazipamba kila mmoja kwa mtindo wake, na baada ya miezi michache nyingi zikanadiwa. Mnada huo uliingiza takribani dola milioni 3.5 kwa ajili ya misaada. Wazo lenyewe lilianzia Zurich, Uswisi, mwaka 1998. Baadaye miji mingine iliiga, ikiwemo Bristol, Uingereza, iliyopanga sanamu za sokwe aina ya gorila mwaka 2011 na kupata katika mnada zaidi ya pauni 400,000, sehemu yake ikienda kwenye uhifadhi wa gorila.

Njia hii huigharimu serikali ya mji kidogo sana, na huweza hata kuiletea faida. Lakini inahitaji mji wenye kampuni nyingi na wanunuzi wenye uwezo. Inahitaji pia tahadhari: anayelipia hutaka jina lake lionekane, na sanamu ya kumfundisha mtoto habari za chura inaweza kuishia kuwa tangazo la soda. Mkataba na mfadhili useme mapema ukubwa wa jina lake, na useme kwamba maudhui yako mikononi mwa halmashauri.

Mifano ya nyumbani

Afrika Mashariki haikuanza jana. Mjini Mombasa, pembe kubwa za ndovu zinazokatiza barabara ya Moi zilijengwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Ni alama ya mji ijulikanayo duniani, lakini haikujengwa kumtetea ndovu. Inawakumbusha wengi biashara ya meno yake. Tuilinganishe na sanamu ya tembo Ahmed wa Marsabit iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Nairobi. Ahmed alikuwa na pembe kubwa mno, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda dhidi ya majangili. Alikufa mwaka 1974, na sanamu yake ya ukubwa halisi ikawekwa hapo. Mtoto anayesimama chini yake hujifunza kwamba dola iliwahi kumlinda mnyama mmoja kwa jina lake. Zote mbili zinahusu ndovu, lakini somo la kila moja ni tofauti, kwa sababu waliozijenga walikusudia mambo tofauti.

Mfano wa tatu hauna sanamu kabisa. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, mbega wengi walikuwa wakigongwa na magari walipovuka barabara ya pwani. Shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa mwaka 1997 limetundika ngazi za kamba juu ya barabara, na mbega huvuka kwa kuzitumia. Ngazi hizo huokoa uhai, na wakati huohuo dereva anayepita chini yake hukumbuka kupunguza mwendo. Hii ni changamoto kwa kila mwenye pendekezo la sanamu. Ikiwa fedha zinatosha jambo moja tu, na mnyama anakufa barabarani, basi ngazi itangulie.

Mahali miji ilipojikwaa

Denver yenyewe yenye dubu ina pia farasi mkubwa wa buluu katika uwanja wake wa ndege, kazi ya msanii Luis Jiménez. Mkataba ulitolewa mapema miaka ya 1990 kwa dola 300,000. Kazi ilichelewa miaka mingi, ikaleta migogoro ya kisheria, na mwaka 2006 kipande cha sanamu hiyo kilimwangukia msanii katika karakana yake, akafariki. Sanamu ilikamilishwa na wengine na kusimikwa mwaka 2008, gharama ikiwa imefika dola 650,000.

Funzo lake si kwamba sanaa ni hatari. Funzo ni kwamba sanamu ni ujenzi, na ujenzi una uzito, korongo la kuinulia, msingi, bima na ratiba. Halmashauri isimkabidhi msanii fedha zote siku ya kwanza, wala isimwache peke yake bila mhandisi.

Hatari nyingine ni matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sanamu iliyovunjika sikio na kupakwa matangazo ya waganga hufundisha wananchi jambo moja tu: kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Kwa upande wetu kuna pia wizi wa chuma chakavu. Sanamu ya shaba au ya chuma isiyo na ulinzi huenda ikauzwa kwa kilo kabla ya mwaka kwisha. Saruji juu ya nondo na wavu, ikifunikwa kwa vigae vilivyovunjika, haina soko kwa mwizi, hustahimili mvua, na mafundi wake wanapatikana wilayani.

Taratibu zetu zinaruhusu nini?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Jambo ambalo halikuibuliwa katika mipango ya mtaa au kijiji, likapita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye kuidhinishwa na Baraza la Madiwani, halina fedha, hata kama kila mtu analipenda. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuliibua mapema, kwa maandishi, likiwa na makadirio.

Vyanzo vinavyoweza kufikiriwa ni vinne.

Kwanza ni mapato ya ndani, kupitia mradi wa soko, stendi au bustani ambao tayari umepangwa. Hapa ndipo mfano wa asilimia unapofaa. Tuchukue hesabu ya kufikirika: ukarabati wa soko unagharimu shilingi 400,000,000. Asilimia 1 ni shilingi 4,000,000. Kiasi hicho kinaweza kugawanywa hivi: shilingi 2,800,000 kwa msanii na vifaa, 600,000 kwa msingi na usimikaji, 200,000 kwa bango la maelezo na vipindi vya shule, na 400,000 kwa matengenezo ya miaka 5, yaani 80,000 kwa mwaka. Jumla ni 4,000,000 kamili. Sanamu itakuwa ndogo, pengine bundi wa kimo cha mtu mzima juu ya nguzo, lakini itakuwa imelipiwa yote, hata sabuni ya kuioshea.

Pili ni michango ya wadau. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, unaokubaliwa na mamlaka ya serikali za mitaa husika. Benki, kampuni za simu na hoteli nazo huchangia kwa hiari. Mchango wowote upokelewe kwa stakabadhi na uingizwe katika vitabu vya halmashauri. Fedha isiyoandikwa huzaa maneno.

Tatu ni wananchi wenyewe, kwa nguvu kazi na vifaa. Kukusanya mawe, kuleta vigae vilivyovunjika na kuchimba msingi ni michango inayohesabika. Aliyeleta kigae chake hatakubali sanamu ivunjwe.

Nne ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa makundi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Izingatiwe kwamba fedha hizo ni mikopo ya kuinua vikundi, na haziruhusiwi kugeuzwa kuwa bajeti ya sanamu. Lakini kikundi cha vijana wachongaji au waashi chenye sifa kinaweza kukopa ili kununua zana, kisha kikashindania zabuni kama wengine.

Zabuni yenyewe ifuate Sheria ya Ununuzi wa Umma na mfumo wa kielektroniki wa NeST. Eneo la kusimika lihakikiwe: hifadhi ya barabara iko chini ya TARURA au TANROADS, na sanamu iliyowekwa hapo bila kibali itabomolewa kwa gharama ya mwananchi. Mkataba ueleze pia hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kununua sanamu si lazima kuwe ni kununua haki ya kuchapisha picha yake katika fulana na kalenda. Jambo hilo likubaliwe mapema kwa maandishi.

Tusisahau hazina tuliyo nayo. Wachongaji wa Kimakonde wamelitangaza taifa hili duniani kwa mpingo, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha vijana fani za sanaa. Mpingo haufai kuachwa uwanjani juani na mvuani, lakini mkono unaojua kuchonga mpingo unaweza kuchonga kielelezo kidogo, na mwashi akakikuza kwa saruji.

Vipimo vitano kabla ya kusema ndiyo

Kutokana na mifano yote tuliyoipitia, mjumbe wa kikao anaweza kuliuliza kila pendekezo maswali haya matano.

1. Mnyama huyu anahusiana na huduma gani ya halmashauri? Kama ni kunguru, mpango wa taka uko wapi? Kama ni chura, mfereji wa soko umesafishwa? Pasipo na huduma, pendekezo lisubiri.

2. Je, kuna njia iliyo nafuu zaidi inayomwokoa mnyama moja kwa moja, kama ngazi za Diani? Kama ipo, itangulie au iandamane na sanamu.

3. Gharama yote imeandikwa? Gharama yote ni pamoja na msingi, usafiri, usalama wakati wa kusimika, maelezo na matengenezo ya miaka 5.

4. Nani atafundisha? Litajwe jina la shule, la mwalimu au la afisa wa wanyamapori atakayeleta wanafunzi na kuzungumza nao penye sanamu angalau kila muhula.

5. Tutajuaje kama imefaa? Kabla ya kusimika, yahesabiwe mambo machache yanayoonekana: mapipa yenye vifuniko sokoni, viota vya bundi vilivyoachwa salama shuleni, malalamiko yanayofika ofisi ya mtaa. Baada ya mwaka mmoja yahesabiwe tena, na matokeo yasomwe kikaoni, yakiwa mazuri au mabaya.

Pendekezo likishindwa katika mojawapo ya vipimo hivi, kulikataa si kuidharau sanaa. Ni kuilinda, kwa sababu sanamu moja iliyoshindwa hufunga mlango kwa nyingine kumi ambazo zingefaa. Na likipita vipimo vyote vitano, kulikataa kwa kicheko tu si ubanaji wa matumizi. Ni kukosa fursa ya kufundisha kizazi kizima kwa fedha ambazo hazifiki hata gharama ya semina mbili.

Maswali ya mjadala kwa mikutano ya mitaa na shule

Walimu na wenyeviti wa mitaa wanaombwa kuyatumia maswali yafuatayo, na kuwasilisha majibu ya wananchi kwa afisa mtendaji wa kata kabla ya vikao vya bajeti kuanza.

1. Taja wanyamapori watatu wanaoishi katika mtaa wako. Yupi anawasaidia wakazi, yupi anawasumbua, na usumbufu huo umesababishwa na nini?

2. Kwa nini samaki wa Belfast asingefaa kusimikwa mwaka 1989? Toa mfano wa kosa kama hilo linaloweza kutokea kwetu.

3. Mradi wa stendi unagharimu shilingi 250,000,000. Asilimia 1 ni kiasi gani? Kigawanye katika mafungu manne kama tulivyofanya katika somo, na ueleze sababu za mgawanyo wako.

4. Mfanyabiashara yuko tayari kulipia sanamu nzima kwa sharti kwamba jina la duka lake liandikwe kifuani pa mnyama. Mtakubali, mtakataa, au mtampa sharti gani?

5. Ikiwa wananchi wa mtaa wenu wangechagua mnyama mmoja tu, angekuwa nani, na mtoto anayepita hapo kila asubuhi angejifunza kufanya nini?